Mara Kumi na Saba Mtoni

Jumanne, 3 Septemba 1940. Benson, Arizona

Nimefika kwa treni ya asubuhi na mashine yangu ya chapa, penseli dazeni tatu na saa mbili za kupimia muda. Joto linapita kwenye soli za viatu. Nimepangwa chumba kimoja na mshonaji anayekoroma. Sijalalamika, maana mkataba huu nimeusubiri tangu mwaka jana.

Kazi yangu ni karani wa kumbukumbu. Picha ya sinema haipigwi kwa mfululizo kama watu wanavyodhani. Leo mtu anapigwa picha akiingia mlangoni, mwezi ujao ndipo anapigwa akitokea upande wa pili. Akiingia na kofia mkono wa kushoto, sharti atokee nayo mkono huo huo, na mimi ndiye ninayejua ilikuwa wapi. Miaka kumi na moja sasa. Nimekosea mara moja tu. Mwaka 1934 mshumaa wangu ulikuwa mfupi, picha ikakatika kidogo, ukarudi mrefu, na ukumbi mzima ukaangua kicheko pale mama alipokuwa anamlilia mwanawe. Nilikuwa nimeketi humo humo. Nilikaa mwaka mzima bila kazi, na kicheko kile bado nakisikia.

5 Septemba

Bwana Thaddeus Wexley ametua kwa ndege yake. Ndiye mtayarishaji, na picha hii ni yake kuanzia farasi hadi kifungo. Alikusanya watu mia nne juani akatuambia kwamba baada ya picha hii hakuna mtu atakayethubutu kupiga nyingine ya wachunga ng'ombe. Sauti yake ilitetemeka. Alipita mstarini akasimama mbele yangu, akasema, "Wewe ndiye Adela Brandt. Naambiwa huachi kitu."

"Sijaribu kuacha, bwana."

"Basi tutaelewana."

Sioni haya kuandika kwamba nilifurahi siku nzima.

9 Septemba

Mji wa mbao umekamilika, mitaa miwili, na kanisa. Bwana Wexley ameuona mpya mno. Mafundi wanaukwaruza kwa minyororo uonekane umezeeka.

10 Septemba

Nimepata wa kuniumiza roho. Anaitwa Clement Hargis, ana miaka sitini na sita, anacheza baba wa binti mwenye shamba. Enzi za picha bubu alikuwa mtu mkubwa. Tangu picha zianze kusema, kazi yake ni kufa katika dakika kumi za mwanzo. Hafanyi jambo moja kwa namna moja mara mbili. Akikuna sikio sasa hivi, safari ijayo atakuna shavu. Karani yeyote atakwambia mwigizaji wa aina hiyo ni jipu.

"Unaandika nini humo, dada karani?" ameniuliza.

"Kila unachofanya, Mzee Clement."

"Ole wangu. Hata mke wangu Nettie hajawahi kunipeleleza hivyo."

14 Septemba

Mvua. Hakuna kazi.

17 Septemba

Ng'ombe elfu mbili wamefika, wengi wao weupe na madoa. Bwana Wexley alitaka wote wawe wekundu. Wamepigwa rangi kwa mabomba, na juzi mvua ikanyesha tena, rangi ikatiririka. Mwongozaji wetu wa kwanza alicheka mbele ya watu, na jioni hiyo akafungashiwa virago. Wa pili alidumu mchana mmoja, sina la kuandika. Wa tatu ni Gus Dillard, mtu mpole mwenye vidonda vya tumbo. Nimeshafanya naye kazi. Anajua kunyamaza.

24 Septemba

Wakati wa chakula Mzee Clement aliketi mezani kwangu bila kukaribishwa. Maharage na mkate wa mahindi, kama jana na juzi. Akanieleza kwamba katika picha hii ana sentensi kumi na mbili. Anapigwa risasi, anaangukia mtoni, anatambaa hadi ukingoni, na anamwambia binti yake maneno kumi na mawili ya mwisho.

"Sentensi, siyo maneno," nikamsahihisha.

"Umeona? Hata wewe umeshtuka ni nyingi." Akacheka. "Nettie huenda kwenye kila picha yangu. Anakata tiketi, ananitazama nikifa, anaondoka kwenda kupika. Hajawahi kunisikia nikisema kitu kwenye pazia. Safari hii nimemwambia avae nguo nzuri, maana atakaa hadi nusu saa."

Nilicheka bila kutaka.

2 Oktoba

Mto huu ulikuwa mchanga mtupu. Umejazwa kwa pampu kutoka kisima kirefu, na maji yake ni baridi hata jua likiwa kali. Tumepiga kifo cha Mzee Clement, picha ya karibu na ya mbali kwa kamera mbili. Mara moja tu.

Sijui niandikeje. Alitambaa akaweka shavu kwenye tope karibu na kiatu cha binti. Akaanza kusema, akakohoa mara mbili kwenye kiganja cha kushoto, akaendelea: "Shamba waachie walichukue. Maji usiwape." Akayatamka kama mtu anayekuagiza chumvi dukani, na mpigapicha, ambaye ni mtu mzima na ana watoto watano, akalazimika kufuta jicho ili aone. Gus alisema, "Imetosha. Hatuigusi tena."

Nimeandika daftarini: kikohozi mara mbili, kiganja cha kushoto, kabla ya neno "shamba".

Baadaye nilimkuta nyuma ya gari la mavazi anakohoa bado. Kumbe hakuwa anaigiza.

4 Oktoba

Zimeanza karatasi za buluu. Bwana Wexley, akiwa mjini Hollywood, hutazama kila kilichopigwa hapa, kisha huandika usiku na kuzituma kwa ndege. Ya leo ina kurasa kumi na moja. Ukurasa wa tisa: "Kikohozi cha mzee ni dhahabu. Lakini mto ni mwembamba kama mfereji wa kumwagilia mboga. Panueni mto, mrudie. Kikohozi kibaki."

"Ulisema hatuigusi tena," Mzee Clement alimwambia Gus.

"Nilisema mimi, mzee wangu. Mimi ni nani hapa?"

11 Oktoba

Mto umepanuliwa kwa matrekta. Tumerudia kifo mara nne. Mara ya tatu alisahau kukohoa, na nikasema. Mara ya nne akakohoa sana.

19 Oktoba

Karatasi ya buluu: gauni la binti liwe jekundu, siyo la buluu. Tumerudia mara tatu. Zimekuwa nane.

Daktari wa kambi amempa Mzee Clement dawa, na kikohozi kimepungua. Sasa inabidi nimkumbushe. "Hapa ulikohoa, mara mbili." Naye anakohoa kwa kuigiza kikohozi alichokuwa nacho kweli wiki mbili zilizopita. Gus alinitazama niliposema hivyo, kisha akaangalia pembeni. Nilijiambia kwamba kazi ni kazi.

27 Oktoba, Jumapili

Nimefua.

3 Novemba

Miti ya ukingoni imepukutika. Katika picha za Oktoba ina majani. Watu sitini wako juu ya ngazi wanafunga majani ya kitambaa kwenye matawi, moja moja, kwa uzi. Bwana Wexley ametua leo kuyatazama, akasema ni ya kijani cha Aprili. Yafunguliwe, yapakwe upya. Nilikuwa nikimwona mtu huyu kama anayeona mbali. Leo nilimwona anagombana na jani, uso umemvimba, na hakuna aliyethubutu kumwambia kuna watu wanasubiri kula.

Mzee Clement amekonda. Mshonaji ameongeza sifongo ndani ya shati ili alingane na mtu wa Oktoba. Vipimo nilimpa mimi.

8 Novemba

Mara nne zaidi. Kumi na mbili. Asubuhi kulikuwa na barafu nyembamba kwenye ndoo za farasi.

9 Novemba

Nimempelekea supu. Anakaa kwenye hema la waigizaji wa nafasi ndogo, kitanda cha tatu kutoka mlangoni, na soksi mbili mbili miguuni.

"Kwa nini husemi hapana?" nilimuuliza.

"Nikisema hapana wataleta mwingine. Wako wazee wengi mjini wanaojua kukohoa."

"Utaumwa, Mzee Clement."

"Nishaumwa, dada." Alipuliza supu. "Tazama. Nimekufa kwenye picha mia na kitu, sijawahi kupewa nafasi ya kusema kwa heri. Hata farasi walipata muda mwingi kuliko mimi. Niache niseme hizi kumi na mbili, niende nyumbani kwa Nettie."

Nilikaa naye hadi akamaliza bakuli. Anajua kuiga sauti ya kila mtu kambini. Aliniiga mimi: "Kushoto, kushoto, kabla ya neno shamba!" Watu wa hema walicheka hadi wakashika mbavu. Mimi pia nilicheka, ila nilitoka nimeumia, na sikujua kwa nini.

15 Novemba

Upepo. Mji wa mbao umepoteza kanisa. Linajengwa upya, kubwa zaidi.

20 Novemba

Karatasi ya buluu, kurasa ishirini na sita. Kwenye picha ya mbali anataka farasi mia tatu wakipita nyuma mzee anapokufa. Farasi wametoka Texas. Tumerudia mara mbili, na mara zote mbili farasi wamefunika kila kitu kwa vumbi. Kumi na nne.

Gus amemwandikia Bwana Wexley barua kuomba Mzee Clement apumzishwe. Alinisomea. Barua nzuri. Haijajibiwa.

Jumanne, 26 Novemba

Naandika yote kama yalivyokuwa.

Bwana Wexley alikuja mwenyewe, na koti la manyoya. Jua lilitoka bila joto. Picha ya karibu ilipigwa asubuhi, ikawa ya kumi na tano, na ilikuwa nzuri. Picha ya mbali ikapigwa saa sita, baada ya chakula, ya kumi na sita. Farasi walipita panapotakiwa, vumbi likaenda upande mwingine, majani ya kitambaa yakatikisika kama majani. Mzee Clement alianguka, akatambaa, akasema maneno yake. Bwana Wexley alivua kofia. Alisema, "Ndiyo hii. Mungu wangu, ndiyo hii."

Watu walianza kupiga makofi. Walimfunika mzee blanketi tatu. Midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu. Mtu alimpa kahawa, na kikombe kikagongana na meno, nikasikia kutoka nilipokuwa.

Gus akaniuliza, kama anavyoniuliza kila siku, "Adela, zinalingana?"

Ni swali la desturi tu. Jibu lake ni "zinalingana," watu wanafungua viatu. Nilitazama daftari. Katika picha ya karibu ya asubuhi, fundo la kitambaa cha shingoni lilikuwa chini ya sikio la kushoto. Katika hii ya mbali lilikuwa upande wa kulia. Alikuwa amejifunga upya wakati wa chakula. Kwenye kamera mzee alionekana mdogo kama kidole, na farasi mia tatu nyuma yake.

Ningeweza kusema ndiyo. Nilikuwa na muda wa kutosha kujua hilo. Mzee Clement alikuwa ananitazama juu ya kikombe. Hakuwa anaomba, alikuwa anasubiri tu, kama wengine.

Nikasema, "Hapana. Fundo."

"Fundo gani?" akauliza Gus.

"La kitambaa. Asubuhi kushoto, sasa kulia."

"Adela. Mtu anakufa pale. Nani atatazama fundo?"

"Mimi nitatazama," alisema Bwana Wexley. "Na yeye ametazama. Mnaona? Katika watu mia nne, mmoja tu ana macho."

Hakuna anayesoma haya, kwa hiyo niseme. Nilijivuna. Kwa muda kama wa kuvuta pumzi moja, mbele ya mzee anayetetemeka, nilijivuna.

Mzee Clement alivua blanketi, moja, mbili, tatu, akazikunja. Alipita karibu nami akanyoosha shingo. "Nifunge wewe mwenyewe, dada, tusije tukasumbuana." Nilimfunga fundo, chini ya sikio la kushoto. Shingo ilikuwa baridi. Akarudi mtoni.

Hiyo ndiyo ya kumi na saba.

27 Novemba

Hakuamka. Homa. Gari limempeleka Tucson hospitalini.

28 Novemba, Sikukuu ya Shukrani

Bata mzinga kwa watu mia nne, wamesimamishwa mezani kwa umbo la ngome. Sikula.

30 Novemba

Gus amenipa gari lake niende Tucson. Ni nimonia, mapafu yote mawili. Muuguzi aliniruhusu dakika tano. Nilitaka kumwomba radhi, na nilikuwa nimejipanga njia nzima nitasema nini. Yeye akawahi.

"Fundo lilikuwa sawa?"

"Lilikuwa sawa, Mzee Clement."

"Basi tumemaliza."

Nikamwambia tumemaliza. Nikamsifu. Nikamrekebishia mto wa kichwani. Radhi sikuomba.

3 Desemba

Mzee Clement Hargis amefariki alfajiri. Gus alitangaza asubuhi kabla ya kamera kuwashwa. Wachunga farasi walivua kofia. Kisha tukapiga onyesho la gari la abiria la kukokotwa na farasi, mara sita.

5 Desemba

Bwana Wexley ametuma shada la maua lenye umbo la farasi anayekimbia, refu kuliko mlango wa kanisa. Wamelikata miguu ndipo likaingia.

7 Desemba, Jumamosi

Nettie Hargis ameshuka kwenye treni peke yake. Ni mwanamke mnene, mdogo wa kimo, amevaa gauni la kijani lenye kola ya lasi, jipya. Halikuwa la msiba, na aliona nikilitazama. "Alinishoneshea kwa ajili ya picha," alisema. "Sina jingine zuri." Alikuja kuuchukua mwili na sanduku la nguo. Treni ya kurudi ni kesho kutwa. Nimemwachia kitanda changu, nitalala kwenye kiti.

Jumapili, 8 Desemba

Aliomba kitu kimoja tu. Aliomba amwone akisema.

Tuna ukumbi wa kutazamia vilivyopigwa, stoo ya nafaka nyuma ya hoteli yenye pazia na viti ishirini. Gus alikubali. Mchana, baada ya ibada, tuliketi watatu, na fundi wa mashine juu.

Gus hakuweza kuficha jambo, akalisema kabla taa hazijazimwa. Karatasi ya buluu ya jana: Bwana Wexley amezitazama zote upya, na amechagua ya tarehe mbili Oktoba. Ile ya kwanza. "Ina ukweli ambao nyingine hazina." Kwa hiyo gauni la binti litarudi kuwa la buluu katika picha nzima, na mto utapunguzwa. Kesho matrekta yanaanza.

"Ya kwanza," Nettie alisema. "Na zilikuwa ngapi?"

"Kumi na saba, bibi."

Tukatazama ya kwanza. Alisikia sentensi zote kumi na mbili, mikono juu ya mkoba, na mumewe alipokohoa aliinama mbele kidogo kama anayetaka kumpiga mgongoni. Ilipoisha alisema, "Sauti yake ni hiyo hiyo. Nilidhani wataibadilisha." Kisha akasema, "Sasa nionyesheni ya mwisho."

Gus alinitazama. Nikapanda mwenyewe kumwambia fundi.

Ya kumi na saba ni picha ya mbali. Vumbi, farasi mia tatu, miti yenye majani ya kitambaa, na chini kabisa kitu kidogo cheusi kinaanguka majini, kinatambaa, kinalala. Sauti haikuchukuliwa. Ikaisha.

"Sikumwona," alisema Nettie. "Ndiyo siku aliyougua, siyo?"

"Ndiyo."

"Na kwa nini alirudishwa?"

Gus alifungua mdomo ajibu. Nilimshika mkono. Nikamweleza Nettie kuhusu fundo, kushoto na kulia, na kwamba niliulizwa nikajibu, na kwamba ningeweza kunyamaza. Nilimwambia na habari ya mshumaa, sijui kwa nini, kana kwamba mshumaa ungenisaidia. Nilikuwa nalia na sikujua nimeanza lini. Yeye hakulia. Alingoja nimalize, kama mtu anayengoja mvua ipungue ili avuke barabara.

"Clement aliniandikia habari zako," alisema. "Aliniambia usijali, mke wangu, wengine hapa wanatazama farasi, ila yuko mwanamke mmoja ananitazama mimi kutwa. Hata nikikuna sikio anajua."

Nilifuta uso, yeye akaendelea.

"Sikuja kugombana. Mimi nataka kujua siku ile tu. Wewe ulikuwa pale mbele, kamera ilikuwa mbali. Uso wake ulikuwaje? Aliogopa? Alikasirika?"

Nikafungua daftari, maana ndivyo nilivyozoea, kuulizwa na kufungua. Ukurasa wa 26 Novemba, ya kumi na saba. Nilisoma kimya, mara mbili. Fundo chini ya sikio la kushoto. Kofia inaelea upande wa juu wa mto. Maji hadi kifungo cha tatu. Mkono wa kulia mbele, wa kushoto nyuma. Kikohozi mara mbili. Saa saba na dakika kumi na nne.

Nilifumba macho nikajaribu kumwona. Nililiona fundo.

Nettie alikuwa bado anasubiri, amegeukia kwangu, na kola yake ya lasi.

"Sijui, mama," nikamwambia. "Sikumtazama."